Mfamasia amempigia daktari simu na dawa za mdogo wangu mwenye lupasi zimebadilishwa: je, hiyo ni kazi yake?

Dada wa Kihonda ameuliza:

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaomba msaada wa wenye kuelewa mambo ya dawa, kwa sababu jambo hili limetugawa pande mbili nyumbani.

Mdogo wangu ana miaka 27. Amegundulika kuwa na lupasi, yaani ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe, na kwake umeshagusa figo. Alilazwa wiki tatu, na wiki iliyopita akaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku hiyo daktari aliandika dawa, nami nikakipeleka cheti kwenye dirisha la dawa nikidhani nitapewa bahasha zangu niondoke. Mfamasia, dada mmoja wa makamo, alikisoma cheti mara mbili, akaniuliza mgonjwa ana kilo ngapi, nikamjibu 48, akaniambia nikae pembeni nisubiri. Akapiga simu wodini. Baada ya dakika chache haidroksiklorokwini iliyokuwa imeandikwa miligramu 400 kwa siku ikawa miligramu 200, na diklofenaki ya maumivu ya viungo ikafutwa kabisa. Zilizobaki kama zilivyokuwa ni mikofenolati na prednisoloni, zote mbili za kutuliza kinga. Kisha akatufuata hadi kitandani, akakaa na mdogo wangu karibu nusu saa akimuuliza mambo ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameyauliza: ananunua nini kwenye duka la dawa la mtaani, anakunywa mitishamba gani, na, baada ya kuniomba nitoke kidogo, kama ana mpango wa kupata mtoto.

Mjomba wetu, ambaye ndiye anayebeba gharama, amekasirika. Anasema kazi ya mfamasia ni kutoa kilichoandikwa, kwamba kupunguza dozi ni njia ya hospitali kubana matumizi, na kwamba kumuuliza habari za mtoto binti ambaye hajaolewa ni utovu wa adabu. Mama naye ana lake kuhusu haidroksiklorokwini. Anakumbuka jinsi klorokwini ya zamani ilivyokuwa ikimwasha mwili usiku kucha, tena anauliza kwa nini mtu aliyepimwa akakutwa hana malaria apewe dawa ya malaria. Prednisoloni ni vidonge 8 kila asubuhi, lakini mama amevigawa, 4 asubuhi na 4 usiku, kwa kuwa anaamini vidonge vinane kwa mkupuo vitamdhuru binti yake. Tangu hapo mdogo wangu hapati usingizi.

Ninachouliza ni hiki: mfamasia wa hospitali ana mamlaka gani juu ya dawa zilizoandikwa na daktari bingwa, na je, tumsikilize?

---

Mfamasia wa Wodini, Mwanza amejibu:

Dada, pole sana kwa kuuguza. Mimi ni mfamasia wa hospitali, na siku zangu nyingi zinapita katika wodi za magonjwa ya ndani na kliniki ya viungo, kwa hiyo uliyoyaeleza ninayafahamu vizuri. Nitaanza na mjomba, kwa heshima zote, kwa sababu hoja yake ya dozi inaweza kupimwa kwa hesabu ya darasa la tano.

Haidroksiklorokwini haipaswi kuzidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa kwa siku. Mdogo wako ana kilo 48, na 48 mara 5 ni 240. Miligramu 400 zilikuwa zimezidi kwa mbali, wakati kidonge kimoja cha miligramu 200 kiko ndani ya kiwango. Sababu ya kuwa wakali hivi ni jicho: dawa hii ikizidi kwa muda mrefu hujikusanya na kuharibu retina, yaani utando wa kuonea ulio nyuma ya jicho, na uharibifu huo ukishatokea haurudi nyuma, tena mgonjwa anaweza asiuhisi hadi umefika mbali. Figo husaidia kuitoa dawa mwilini, kwa hiyo mtu ambaye figo zake zimeguswa anakuwa hatarini zaidi kuliko wengine. Mgonjwa huchunguzwa macho katika mwaka wa kwanza wa kuianza, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, na mwenye shida ya figo hahitaji kuisubiri hiyo miaka 5. Kidonge hiki ni cha bei ndogo ukikilinganisha na mikofenolati aliyoandikiwa, kwa hiyo hospitali iliyotaka kubana matumizi isingeanzia hapo.

Diklofenaki nayo ilifutwa kwa ajili ya figo hizo hizo. Dawa za kundi lake, pamoja na aibuprofeni ambayo kila duka la mtaani inayo, hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na figo iliyovimba kwa lupasi haina akiba ya kuvumilia hilo. Akiumwa viungo, atumie parasetamoli, na maumivu yakizidi arudi kliniki badala ya kwenda dukani.

Sasa swali la mtoto. Ninamwelewa mjomba, maana hata mimi huliuliza kwa kuchagua maneno, na huhakikisha ndugu wametoka, kwa sababu binti hawezi kusema ukweli mbele ya wazazi wake. Lakini mikofenolati ikitumiwa na mwenye mimba inaweza kuiharibu, au mtoto akazaliwa na kasoro za masikio, midomo na viungo vingine. Mwanamke wa umri wa kuzaa anatakiwa awe na uhakika kwamba hana mimba kabla ya kuianza, atumie uzazi wa mpango wa kuaminika muda wote anapoitumia, na akitaka mtoto aseme mapema, ili ibadilishwe kwa dawa kama azathioprini angalau wiki 6 kabla ya kushika mimba. Haidroksiklorokwini yenyewe huendelea hata katika ujauzito. Mfamasia ambaye angeitoa mikofenolati kwa mwanamke wa miaka 27 bila kuuliza swali hilo ndiye ambaye mjomba angekuwa na haki ya kumkasirikia.

Mama tumwambie hivi: kumbukumbu yake ni sahihi. Klorokwini iliwawasha watu wengi hapa kwetu, na Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Hii ya sasa ni ndugu yake, na inawasha mara chache zaidi. Ilianza kama dawa ya malaria kweli, lakini kwa mgonjwa wa lupasi kazi yake ni kuituliza kinga iliyopandwa na hasira. Huifanya taratibu, wiki hata miezi kadhaa, na ndiyo maana wengi huiacha wakisema haisaidii. Mwaka 2020, wakati dunia ilipoikimbilia kwa kudhani inatibu Uviko-19, wagonjwa wa lupasi katika nchi nyingi waliikosa madukani, na kazi ya wafamasia wakati ule ilikuwa kuilinda akiba iliyobaki kwa ajili ya wale ambao maisha yao yaliitegemea.

Prednisoloni irudishwe leo kama ilivyoandikwa: vidonge vyote 8 asubuhi, mara moja, baada ya chakula. Mwili wenyewe hutengeneza homoni ya namna hiyo kwa wingi alfajiri, kwa hiyo dozi ya asubuhi inafuata mwendo wa mwili, na dozi ya usiku inafukuza usingizi. Jambo moja nalisisitiza kuliko mengine yote: asiiache ghafla, hata akijisikia amepona, hata kama uso umevimba na watoto wa jirani wanamcheka. Tezi zake zinapopokea homoni kutoka nje kwa wiki nyingi huacha kutengeneza ya kwao, na ukizinyang'anya kwa siku moja mtu anaweza kuanguka, presha ikashuka, akafa. Hupunguzwa kidogo kidogo, na mfamasia wenu akiombwa atawaandikia kwenye karatasi vidonge vingapi kwa wiki ipi.

Kuhusu mamlaka: sisi hatubadilishi dozi kwa kalamu yetu. Tunampigia daktari, tunamweleza tulichokiona, na yeye ndiye anayebadilisha na kutia sahihi. Ndivyo alivyofanya mwenzangu huyo. Daktari aliyekuwa na wagonjwa 40 wodini asubuhi hiyo huenda hata alimshukuru.

---

Mshonaji wa Kisauni amejibu:

Naomba niwe mchokozi kidogo. Huyo mfamasia wa kukufuata kitandani ni bahati, dada yangu. Mimi nina baridi yabisi mwaka wa sita sasa, naishi Mombasa, na nimepitia hospitali ambayo sitaitaja, ambako dirisha la dawa ni tundu la ukubwa wa sahani na foleni inafika uwanjani. Unapenyeza karatasi, unapenyezewa pakiti, na nyuma yako mtu ameshaanza kukusukuma kwa kiwiko.

Hapo ndipo nilipopewa methotreksati kwa mara ya kwanza. Daktari alisema mara moja kwa wiki, nami nikashika hilo, namshukuru Mungu. Lakini hakuna aliyeniambia habari za dawa nyingine. Miezi michache baadaye nikashikwa na maumivu wakati wa kukojoa, nikaenda kemisti jirani, nikauziwa Septrin. Siku ya tano nikaamka midomo imechubuka ndani na nje, hata chai ya vuguvugu siwezi kuinywa, na michubuko ya damu imenitokea mapajani bila kugongwa na kitu. Nilipolazwa, chembe zangu za damu zilikuwa zimeporomoka. Aliyeuliza swali lililofumbua fumbo hakuwa daktari wala nesi, alikuwa mfamasia kijana aliyekuja na raundi. Akamwambia mume wangu: "Nenda nyumbani, fungua kabati, niletee kila kilicho na jina la dawa, hata kilichokwisha." Ndani ya mfuko ule alikuta ganda la Septrin.

Tangu siku hiyo vidonge vyangu vya methotreksati navinywa Ijumaa baada ya sala, na foliki asidi naimeza Jumatatu. Nilichagua Ijumaa mwenyewe kwa sababu ni siku nisiyoweza kuisahau. Swali langu kwa mfamasia wa Mwanza: kama kazi yenu ndiyo hii mnayoieleza, mbona dirishani haionekani?

---

Mfamasia wa Wodini, Mwanza amejibu:

Dada wa Kisauni, umesema kweli na sina cha kukupinga. Mfamasia mmoja akiwa na watu 200 mbele ya dirisha hafanyi ufamasia, anagawa pakiti. Hospitali nyingi zimeanza kuwapeleka wafamasia wodini na kliniki, lakini idadi yetu haitoshi, na kazi ya kuagiza na kutunza stoo nayo inatusubiri.

Kilichokupata kinaeleweka. Methotreksati huzuia matumizi ya foliki mwilini, na dawa mbili zilizomo ndani ya Septrin huzuia njia ile ile, tena huzuia figo kuitoa methotreksati. Uboho ambao ndio kiwanda cha damu unabanwa pande zote. Hata zile dawa za malaria za kundi la salfa, kama SP, tunazihofia kwa mgonjwa wa methotreksati. Kuna mchanganyiko mwingine wa namna hiyo ambao tunauwinda: azathioprini pamoja na allopurinoli ya gauti. Allopurinoli hufunga mlango ambao azathioprini hutokea, na dozi ya kawaida inageuka kuwa sumu. Daktari wa gauti na daktari wa viungo wakiwa hospitali mbili tofauti, hakuna kati yao atakayeliona hilo. Ataliona yule aliye na dawa zote mezani mbele yake.

Niongeze jambo dogo kuhusu bahasha zetu. Tumezoea kuandika "1x3" au "2x2" na kila mtu anajua kusoma: idadi ya vidonge, kisha mara ngapi kwa siku. Mwandiko huo hauna nafasi ya kitu kinachoitwa wiki. Niliwahi kumpokea mama mmoja aliyetoka kituo kingine, bahasha yake ya methotreksati imeandikwa "4x1", naye akafanya kama alivyofundishwa maisha yake yote, vidonge 4 mara moja kila siku. Alifika siku ya nane, mdomo wote ni kidonda. Tulimpa foliniki asidi, ambayo ndiyo kinga ya sumu hiyo, akapona, lakini alikaa nasi muda mrefu. Mimi sasa kwa methotreksati siandiki tarakimu za kuzidisha kabisa. Ninaandika kwa herufi kubwa jina la siku, IJUMAA TU, au JUMAPILI TU, na kabla mgonjwa hajaondoka ninamwomba anieleze yeye atakunywaje. Asipoweza kunieleza, basi mimi ndiye niliyeshindwa.

---

Muuguzi Mstaafu, Moshi amejibu:

Wanangu, nimesoma yote, na nina mambo mawili ambayo mfamasia hakuyagusa au ameyapita haraka.

La kwanza ni maradhi ya kwetu. Dawa hizi zinafubaza kinga, na sisi tunaishi na kifua kikuu na minyoo. Kabla ya kumpa mtu dawa za sindano za kibayolojia, wafamasia na madaktari niliofanya nao kazi walikuwa wanauliza: amepimwa kifua kikuu? Amepimwa homa ya ini aina ya B? Kwa maana rituksimabu, kwa mfano, inaweza kukiamsha kirusi cha homa ya ini kilicholala miaka mingi. Na mgonjwa wa lupasi akipata kifua kikuu kweli, rifampisini anayopewa huifanya ini kuisaga prednisoloni haraka, kiasi kwamba lupasi inarudi na watu wanadhani dawa imegoma. Nimemwona mfamasia akisimama katikati ya raundi na kusema, "Daktari, prednisoloni yake sasa inafanya kazi nusu," na dozi ikapandishwa. Kuna pia mnyoo aitwaye strongiloidesi anayekaa kimya tumboni hadi mtu apewe prednisoloni nyingi, ndipo anaposambaa mwili mzima. Ivermektini kabla ya hapo inaweza kuokoa maisha.

La pili ni chumba kile cha nyuma ambacho wagonjwa hawakioni. Rituksimabu na infliksimabu hukaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, hazigandishwi wala hazitikiswi. Infliksimabu huja ikiwa poda, nayo unaizungusha chupa taratibu kwenye viganja huku povu linaisha lenyewe, wala huwezi kuiharakisha. Siklofosfamidi, dawa kali inayoweza kumdhuru hata anayeichanganya, inatayarishwa kwa glavu na koti, ndani ya kabati lenye hewa iliyochujwa. Nilipoanza kazi tulikuwa tukichanganya dawa namna hiyo juu ya meza ya wodi, dirisha wazi, na baadhi yetu tulikuwa wajawazito. Wafamasia walipoichukua kazi ile kutoka mikononi mwetu wengine walinuna. Mimi sikununa.

Na kwa dada wa Kihonda: homa ikifika nyuzi 38 kwa mdogo wako, msinunue antibiotiki wala msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali. Prednisoloni inaweza kuificha homa, kwa hiyo hata homa ndogo msiidharau. Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano, asichanjwe bila kuwauliza wanaomtibu.

---

Dada wa Kihonda amejibu:

Shikamoo mama wa Moshi, na asanteni wote. Nimemsomea mjomba hesabu ya 48 mara 5. Alichukua simu yake akaikokotoa upya, akanyamaza, kisha akauliza ni lini miadi ya macho. Suala la mtoto hajalizungumzia tena, nami sikumkumbusha.

Jana nilifanya kama alivyofanya mume wa dada wa Kisauni. Nilikusanya kila kitu kabatini na chini ya mto wa mdogo wangu nikakipeleka hospitali kwa yule mfamasia. Alivipanga mezani kimoja kimoja kama anayepanga karata. Kulikuwa na pakiti ya aibuprofeni, chupa ya unga wa mizizi ambayo muuzaji aliisifu kwa kuondoa maumivu "siku hiyo hiyo", na pakiti ya pili ya prednisoloni yenye jina la kiwandani, ambayo mdogo wangu aliinunua mwenyewe akidhani ni dawa nyingine. Kumbe kwa siku nne alikuwa akizinywa zote mbili. Mfamasia hakumgombeza. Kuhusu ule unga alisema kwamba dawa za kienyeji zinazoondoa maumivu ghafla namna hiyo wakati mwingine huwa zimechanganywa na deksamethasoni, ambayo ni ndugu wa prednisoloni, akatuomba tumwachie. Alimpima presha, akampeleka kupima sukari, akampigia daktari tena.

Nimebakiwa na swali moja. Ametuambia vidonge vya kutuliza kiungulia visinywewe pamoja na haidroksiklorokwini. Je, vipishane kwa muda gani?

---

Mfamasia wa Wodini, Mwanza amejibu:

Vile vyenye magneziamu au aluminiamu, vipishane kwa saa 4. Haidroksiklorokwini aimeze na chakula cha mchana, cha kiungulia akinywe jioni. Na kiungulia chenyewe amweleze daktari, kwa sababu mtu anayekunywa prednisoloni vidonge 8 na alikuwa akimeza aibuprofeni kwa siri anahitaji tumbo lake liangaliwe. Choo kikiwa cheusi kama lami, aje siku hiyo hiyo.